Kuku wanalala kwenye viota na mayai yanachafuka, banda nilipangeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja mfugaji, nalifupisha: "Nina kuku wa mayai 24, banda la mita 2 kwa 3. Fundi alinijengea viota sita vya mbao, akavipigilia ukutani juu, kama mita moja na nusu toka chini, ili visile nafasi. Fito za kulalia ziko chini yake, usawa wa goti. Mayai mengi nayakuta na kinyesi, kuku kadhaa wanataga chini kwenye kona nyuma ya mlango, na kusafisha vile viota ni mateso, nakwangua saa nzima. Nataka nibomoe vyote nianze upya. Viota niweke wapi na nivijengeje ili visafishike kirahisi?"

Dada yangu, nyundo weka chini kwanza. Usibomoe kitu chochote leo. Leo giza likishaingia vizuri, kama saa mbili na nusu hivi usiku, chukua tochi uingie bandani taratibu uhesabu nani kalala wapi. Nina uhakika fito zako utazikuta nusu tupu na viota vimejaa kuku wamebanana wawili watatu, na wengine wako juu ya paa la viota kabisa. Hapo ndo utamjua mchafuzi wako.

Kuku akitaka kulala anatafuta sehemu ya juu kuliko zote anazoweza kufika, ndivyo alivyoumbwa, mababu zake walikuwa wanalala mitini kukwepa wanyama. Sasa kwako sehemu ya juu kuliko zote ni viota. Na kuku usiku kucha anakunya pale pale alipolala, sehemu kubwa sana ya kinyesi cha siku nzima kinaangukia kwenye masaa hayo ya usiku, kwa hiyo hata ungesafisha kila siku jioni, asubuhi yai linadondokea kwenye choo. Shida yako kubwa ni urefu, kusafisha kunakuja baadae. Huyo fundi alijenga vizuri tu inaelekea, ila alipindua, kitanda akakiweka chini na sehemu ya kutagia juu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadilishana. Fito zipande, viota vishuke. Sakafu ya kiota iwe kama sentimita 50 kutoka chini, fito ziwe kama 90. Hiyo tofauti ya sentimita 40 inatosha kabisa kumfanya kuku achague fito. Usiende juu sana na fito ukadhani ndo bora zaidi, kuku wa mayai wengi ni wazito na kila asubuhi anaruka chini, akitua vibaya kila siku nyayo zinapata vidonda na kuvimba, na wengine wanavunja mfupa wa kifua. Mi kwangu mita moja ndo mwisho.

Sasa hebu tupange hilo banda lako. Upande wa ndani kabisa, ule ulio mbali na mlango, weka fito tatu za mita 2 zikikatiza upana wa banda. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 za kukaa, kuku 24 ni mita 4.8, wewe utakuwa na mita 6, wanabaki na nafasi ya kusogezana. Ya kwanza iwe sentimita 30 toka ukutani, zinazofuata ziachane 35, na zote tatu ziwe usawa mmoja, usipange kama ngazi, maana ukipanga kama ngazi wote watagombania ile ya juu na kila jioni ni vita. Ubao wenyewe uwe bapa kidogo upana wa sentimita 5 hivi na kona zimelainishwa kwa randa au msasa. Chini ya fito weka ubao mpana au plaiwudi ya kupokea kinyesi, mwaga majivu au maranda kidogo juu yake, asubuhi unakwangua mara moja unatupa kwenye mbolea, umemaliza. Huo ubao peke yake utakupunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote nitakachokwambia hapa, maana kinyesi cha usiku unakipata chote sehemu moja badala ya kukifukuzia banda zima.

Viota viwe upande wa mlango, ukuta wa pembeni. Sababu ya kwanza ya kivivu tu, unataka kuokota mayai bila kukanyaga uchafu wote mpaka mwisho wa banda. Sababu ya pili, huko kuko mbali na fito kwa hiyo kinyesi hakirukii. Usije ukaweka viota chini ya fito eti kubana nafasi, mi nilifanya hivyo banda langu la kwanza, nikasema paa la viota litapokea kinyesi, kweli lilipokea, ila kikawa kinateleza na kudondokea pale pale kuku anapoingilia, na kuku akiingia anakikanyaga anapeleka ndani. Nilivumilia miezi kadhaa kabla sijakubali kwamba nilikosea.

Mwanga nao uangalie. Kuku akitaka kutaga anatafuta giza kidogo na utulivu. Ile kona nyuma ya mlango wanayoing'ang'ania, hebu kaichungulie, utakuta ina giza, haina upepo, haipitiwi na mtu. Wanakwambia wenyewe wanachotaka! Kwa hiyo viota visitazamane na dirisha. Kuna ujanja mmoja watu wengi hawaujui, weka viota kwenye ukuta ule ule wenye dirisha, chini ya dirisha lenyewe, mwanga unapita juu yao unaenda kupiga upande wa pili na wao wanabaki kwenye kivuli. Giza lina faida nyingine, kuku akikaa kiotani wenzake hawamuoni vizuri sehemu ya nyuma wakati yai linatoka, ile nyama nyekundu inayojitokeza ndo huwa inawavutia kudonoa, na wakishaonja damu hapo ni balaa. Na yai lililo gizani linadonolewa kidogo kuliko lililo kwenye mwanga.

Idadi, viota sita kwa kuku 24 ni sawa, kiota kimoja kwa kuku wanne mpaka watano kinatosha. Usishangae wakipanga foleni kwenye viwili vile vile na vingine vinne vikae tupu, kuku ndo walivyo, anaona mwenzake katagia pale anaamini pale ndo salama. Muhimu usiongeze viota kwa sababu ya foleni.

Haya, sasa ujenzi. Kanuni yangu mi ni moja tu, kitu kisichotoka hakisafishwi. Kiota kilichopigiliwa ukutani utakikwangua mara mbili tatu kwa bidii alafu utachoka, kila mtu anachoka, na kona za ndani zitabaki na ukoko. Kwa hiyo jenga viota vitatu vitatu kama kabati moja dogo, urefu kama mita moja, ili mtu mmoja aweze kubeba. Kila chumba kiwe sentimita 30 upana, 30 kina, 35 kwenda juu, kama kuku wako ni wale wakubwa sana panua mpaka 35. Usifanye kikubwa zaidi ya hapo kwa kumhurumia, kikiwa kikubwa wanaingia wawili, wanasukumana, mayai yanapasuka, na yai likishapasuka kiota kizima kinanuka na kuku wanajifunza kula mayai.

Kulitundika, chukua ubao mmoja upasue kwa urefu wake kwa msumeno ukiwa umelazwa mshazari, upate vipande viwili vyenye ukingo wa kulala. Kimoja kifunge ukutani, ukingo wake uangalie juu, kingine kifunge mgongoni mwa kabati, ukingo uangalie chini, vinakaa vimeng'atana. Kabati linashikiliwa na uzito wake lenyewe, ukitaka kulitoa unalinyanyua tu, hakuna msumari wala bisibisi. Dakika moja liko nje juani.

Sakafu ya kiota usiifunge. Hapa nasisitiza maana mafundi wengi wanapiga misumari chini kwa sababu ndo walivyozoea kujenga sanduku. Acha kabati lisiwe na sakafu, weka vibao vyembamba pembeni kwa ndani kama reli, alafu sakafu iwe kipande cha plaiwudi kinachoteleza juu ya hizo reli na kutoka kama droo. Na mbele ule ubao wa kuzuia maranda, urefu sentimita 10 mpaka 12, nao usiupigilie, utengenezee mfereji kila upande uwe unapandishwa na kutolewa. Siku ya usafi unatoa kizuizi, unavuta sakafu, uchafu wote unadondoka kwenye ndoo, unapiga brashi, unarudisha. Viota sita hivyo hata robo saa haifiki.

Juu weka paa la mteremko mkali, zaidi ya digrii 45, kuku akijaribu kusimama ateleze. Paa bapa hata kama ni safi leo kesho ni choo. Mbele ya viota, sentimita 15 hivi, weka kijiti cha kutua, kuku anaruka anatua kwanza pale, anachungulia, ndo anaingia, bila hicho anaruka moja kwa moja ndani na kukanyaga mayai ya wenzake. Na ukiweza kifunge kijiti chenyewe kwenye ubao wenye bawaba, mchana umelala kuku wanautumia, jioni unaupandisha juu unafunga milango ya viota vyote kwa pamoja. Funga baada ya mayai ya siku kuokotwa, fungua alfajiri kabla mwanga haujakolea, kwa sababu mayai mengi yanatagwa asubuhi, mpaka saa tano mchana wengi wanakuwa wameshamaliza. Sio kazi ya milele, wiki mbili tatu tu mpaka wasahau kulala humo.

Kama seremala ni shida, achana na kabati. Ndoo za plastiki za lita 20 zilale ubavu. Mdomo wake una upana wa karibu sentimita 30, kama imekusudiwa vile. Mfuniko kata, bakiza kipande cha chini kama theluthi moja hivi, hicho ndo kizuizi cha maranda, kirudishe kwenye ndoo. Jenga rafu yenye vibao viwili mbele na nyuma vya kuzuia ndoo isiviringike, na ndoo ielekee nyuma kidogo tu, yai lisije likaviringika likatoka mdomoni. Kusafisha ni kuchomoa ndoo, kumwaga, kuosha na sabuni, kuanika. Kiukweli mi kama ningeanza upya leo na kuku 24 ningefanya ndoo tu, mbao zinapendeza ila ndoo haina nyufa, na nyufa ndo nyumba ya utitiri. Ubaya wake ni joto, ndoo ikipigwa na jua au ikiwa chini ya bati bila kitu katikati inakuwa tanuri na kuku ataikimbia saa sita mchana, kwa hiyo iwe kivulini, na toboa vitundu kadhaa nyuma kwa juu hewa ipite.

Huo utitiri wenyewe nauzungumzia maana hujautaja, na viota vya mbao vilivyopigiliwa ndo vinaufuga. Mchana hauuoni, unajificha kwenye nyufa, kwenye maungio ya mbao, kwenye ncha za fito pale zinapogusana na ukuta, usiku ndo unatoka kunyonya damu. Kuku anayegoma ghafla kuingia kiotani mara nyingi ana sababu hiyo. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito usiku, kikitoka na michirizi myekundu unao. Au kunja kipande cha kartoni ile yenye mawimbi ndani, kibane karibu na ncha ya fito, baada ya siku chache kifungue uone kama wamehamia. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kartoni chini ya maranda kwenye kiota ukaisahau, unawajengea nyumba. Kwenye joto utitiri unatoka yai mpaka mkubwa ndani ya wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo ukisafisha mara moja ukakaa umefanya nusu, rudia baada ya wiki. Na unaweza kukaa miezi bila kunyonya kuku, banda kukaa tupu muda mfupi hakuusumbui. Na dawa ya kuulia vijidudu usiipulize juu ya uchafu, haifanyi kazi, kwanza kwangua, osha na sabuni, kausha, ndo upulize. Nyufa za mbao na ukuta ziba, chokaa inasaidia. Oili chafu ya gari ambayo watu wanapenda kupaka, usiipake kwenye kiota, mayai yana vitundu vidogo maelfu kwenye ganda na hicho kitu utakuja kukila.

Ndani ya kiota weka maranda makavu kina cha sentimita 7 au 8, au majani makavu yaliyokatwa katwa. Vumbi laini la msumeno hapana, linaingia puani na linaganda kwenye yai bichi. Majani yenye ukungu tupa mbali kabisa. Kila unapookota mayai ukiona kinyesi kiotani kitoe hapo hapo kwa mkono, una glovu au huna, sekunde tatu. Kila wiki ongeza maranda kidogo, na kama mara moja kwa mwezi toa yote osha anika. Yai likipasuka ndani usingoje, maranda yote ya kiota hicho yabadilike siku hiyo hiyo.

Viota vile vyenye sakafu ya mteremko, yai linaviringika lenyewe linaenda kwenye mfereji nyuma, vipo na vinafanya kazi, yai halikai na kuku kwa hiyo halichafuki wala haliliwi. Ila mteremko ukizidi mayai yanagongana yanapasuka, ukipungua hayaendi, na kuku waliozoea maranda wengi wanavigomea. Kwa kuku 24 sioni haja, labda uwe na walaji mayai sugu. Na mlango wa kuokotea mayai ukiwa nje ya banda, wengi wanaupenda, ila kila tundu unalotoboa ukutani ni mlango wa mvua na nyoka na panya, ukitaka kuweka basi mfuniko utokeze nje kwa mteremko, bawaba iwe imefunikwa na kipande cha mpira wa tyubu, na komeo iwe ya kukaza kweli sio ndoano ya kuning'inia.

Mayai yaliyochafuka sasa hivi, yale yenye doa kavu kwangua na kitu kikavu. Yai linapotoka lina utando mwembamba unaoziba vile vitundu, ukiosha unautoa. Kama lazima uoshe tumia maji ya vuguvugu yenye joto kuliko yai lenyewe, maji baridi yanafanya yai linywee kwa ndani na kuvuta uchafu kupitia ganda, alafu hayo uliyoosha uyale kwanza, usiyahifadhi wala usiyachanganye na yale ya kuatamiza.

Imebaki kona ya nyuma ya mlango. Ukishashusha viota baadhi wataacha wenyewe. Kwa waliobaki, weka ndoo moja ya kutagia pale pale chini kwenye kona wanayoipenda, na yai bandia ndani, hata mpira wa gofu au jiwe laini jeupe. Wakishazoea kutagia ndani ya ndoo, kila baada ya siku tatu nne ipandishe kidogo juu ya tofali moja, mawili, huku unaisogeza kuelekea wenzake, mwisho inajiunga na safu ya viota na kona unaifunga kwa ubao wa mshazari au unaacha mwanga uipige. Wakati huo mayai ya chini okota mapema na mara kwa mara, yai likikaa pale linawaita wengine. Kuna kuku mmoja au wawili watakataa mpaka mwisho, hasa wakubwa, hao utaokota tu.

Na wale waliozoea kulala viotani, jioni ya kwanza baada ya kubadilisha watasimama chini ya viota vilivyofungwa wanalalamika, usiwafungulie. Giza likiingia wakamate mmoja mmoja uwapandishe kwenye fito kwa mkono, gizani hawabishi. Fanya hivyo usiku nne tano mfululizo, alafu nenda tena na tochi uhesabu.